Kulifuata Ziwa Hadi Linapotokea: Siku Tisa za Gari kutoka Kisumu Kuingia Uganda

Ukiketi Dunga, ufuoni Kisumu, jioni, sahani ya samaki aina ya ngege mbele yako, utadhani Ziwa Victoria limelala. Halijalala. Nyando, Sondu, Yala na Nzoia zinalimiminia maji mchana na usiku, na mlango wa maji hayo kutokea ni mmoja tu: Jinja, ng'ambo ya mpaka, ambako yanabadilika jina na kuitwa Naili. Safari ninayoieleza hapa inalifuata ziwa hadi mlangoni pake, inapanda mlima njiani, inavuka ikweta mara mbili ikienda, kisha inarudi nyumbani kwa barabara ambayo watu wengi wa huku hawaijui.

Wengi wetu tumefika Uganda kwa basi la usiku. Unasinzia baada ya Busia na kuamshwa na kelele za Kampala. Mashariki yote ya Uganda, sehemu inayofanana nasi kwa lugha, kwa mila na hata kwa chakula, inapita gizani. Mwongozo huu ni wa kuipita mchana, bila pupa. Kanuni yangu ni moja: usishike usukani zaidi ya saa nne kwa siku. Siku mbili zitaivunja kanuni hiyo, na nitakuambia ni zipi.

Hatua ya kwanza: karatasi, wiki mbili kabla

Raia wa Kenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mpango huo ulianza mwaka 2014. Watoto hawana kitambulisho, kwa hiyo shughulikia pasipoti zao mapema. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya yule aliyebaki nyumbani.

Halafu kuna kadi mbili za manjano, na watu huzichanganya kila siku. Moja ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni ya gari: Kadi ya Manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), bima ya kulipa hasara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa nje ya nchi. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Mwambie wakala wako wa bima akutolee kadi hiyo kabla hujaondoka, na umuulize waziwazi: gari langu lenyewe likigongwa Mbale, nani analipa? Kadi ya COMESA hailengi kutengeneza gari lako, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado mezani pake.

Beba logibuku halisi. Kama gari si lako, pata barua ya mwenye gari iliyopigwa muhuri wa wakili. Kama lina mkopo, benki au sacco ikuandikie barua ya ruhusa. La kukodi linahitaji idhini ya kuvuka mpaka iliyotajwa kwenye mkataba wenyewe. Mimi niliwahi kufika Busia na gari la shemeji, nikijiaminia kwamba jina la ukoo linatosha. Tuliketi kwenye kivuli cha ukuta tangu saa tatu hadi saa tisa, tukimsubiri shemeji aamke, amtafute wakili, na atume barua na bodaboda. Nilikuwa nimeahidi watoto maporomoko ya maji siku hiyo. Waliona malori.

Hatua ya pili: gari lenyewe

Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, hilo lisikutie hofu. Gari dogo la kawaida linatosha kwa njia hii yote, ila breki zikaguliwe na fundi unayemwamini, maana kushuka kutoka Sipi, ubavuni mwa Mlima Elgon, ni kona na mteremko mtupu. Tairi la akiba liwe na upepo. Jeki, pembetatu mbili za onyo, kizimamoto na kisanduku cha huduma ya kwanza viwe ndani ya gari, kwa usalama wako na kwa sababu askari wa barabarani huviulizia. Ukiandikiwa faini Uganda, unapewa karatasi na kuilipa kwa njia rasmi. Usitoe noti dirishani.

Anayetoka Nakuru asijaribu kuunganisha hadi Mbale siku moja. Pita Kericho taratibu, teremka Nyando mchana ukiliona bonde lote la miwa na mpunga, ulale Kisumu.

Hatua ya tatu: Maseno, mpakani, na jabali la Tororo

Ondoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha kwanza ni cha dakika kumi tu: Maseno, kwenye alama ya ikweta kando ya barabara. Piga picha na uitunze, utaihitaji mbele. Kisumu tunakaa kusini kidogo ya mstari huo, kwa hiyo hapo ndipo unapoingia nusu ya kaskazini ya dunia.

Busia ni kama kilomita 115 kutoka Kisumu. Malori yakiwa yamepanga foleni usijipange nyuma yake. Magari madogo yana njia yake. Ofisi za nchi mbili ziko pamoja tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia karibu mahali pamoja. Gari nalo lina karatasi yake ya forodha ya kuingia kwa muda. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake kabla hujaondoka dirishani. Vijana watakuzunguka wakitaka kukusaidia. Wengine ni mawakala halali wa forodha, wengine ni maneno tu. Aliye halali hatakasirika ukimwomba kitambulisho cha kazi.

Badilisha pesa kwenye duka lenye leseni. Shilingi moja yetu huzaa kati ya 25 na 30 za kwao, kwa hiyo utatoka na bunda la noti ukijiona tajiri, hadi ununue soda mbili. Omba noti ndogo.

Ukiwa hapo, jua kwamba umesimama kwenye kiwanda cha neno. Bodaboda lilizaliwa Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda.

Kwenda Tororo, fuata lami ya Jinja hadi njia panda ya Namutere, kisha ukate kulia. Kuna njia ya mkato inayotoka Busia moja kwa moja. Waulize madereva hali yake siku hiyo kabla hujaikubali. Jabali la Tororo utaliona kabla ya mji. Ni shingo ya volkano ya kale iliyobaki imesimama peke yake baada ya mlima wenyewe kumomonyoka. Linapandwa kwa miguu, kuna ngazi sehemu kali, na juu unaona Kenya na Uganda kwa jicho moja. Mwenye magoti mabovu abaki chini na chapati. Kama mnazungumza Kijaluo, sikilizeni sokoni: Wajopadhola wa Tororo ni ndugu wa Waluo. Mke wangu aliomba maji kwa Kijaluo, muuzaji akamjibu kwa lugha yake, wakaendelea hivyo robo saa, kila mmoja akimcheka mwenzake anavyosema, na mimi nikilipia ndizi ambazo hatukuzihitaji.

Lala Mbale, chini ya ukuta wa mlima wa Wanale. Tafuta malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Ladha yake ni ya moshi kwanza, karanga baadaye. Ukiwa Mbukusu hutahitaji maelezo, kwa kuwa Wagisu ni watu wa Masaba kama ninyi, na imbalu yao, kama tohara ya Bungoma, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ukifika Agosti ya mwaka kama huo, barabara ni za vijana waliopakwa unga na ngoma nyuma yao. Punguza mwendo, zima honi, uwapishe.

Hatua ya nne: Sipi, na usikubali kulala usiku mmoja tu

Toka Mbale kwa barabara ya Soroti, na baada ya kilomita chache ukate kulia kuelekea Kapchorwa. Ni kama kilomita 50 za lami. Hadi Muyembe ni tambarare, kisha barabara inaanza kujikunja. Kila kona inakufungulia bonde kubwa zaidi nyuma yako, na dereva ndiye pekee asiyeliona. Simameni mahali penye nafasi, abadilishane na mwingine.

Mlima ni ule ule Elgon. Sisi tumezoea kuuona asubuhi, jua likiwa mgongoni mwetu, kutoka Bungoma au Kitale. Sipi uko ubavu wa pili, na saa ya kuwa hapo ni jioni. Jua linazama juu ya tambarare za Teso, mbali kabisa chini yako, na ukungu unapanda kutoka mashambani. Beba sweta.

Maporomoko ni matatu, yote ya mto mmoja. La chini ndilo refu, kama mita 100, na ndilo linaloonekana kwenye picha zote. Kuyazunguka yote kwa miguu ni saa tatu au nne kwa mtu asiye na haraka. Chukua mwongozaji wa pale pale, mkubaliane bei na njia kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie kama kuna mtoto au mzee, maana kuna ngazi za miti zinazoteleza. Viatu viwe vya kushika udongo. Mimi nilivaa ndala. Mwongozaji aliniangalia miguu, akaniangalia usoni, akasema, "Mzee, leo utaomba sana." Niliomba.

Ushauri wangu: anzeni na la chini asubuhi, kabla hamjachoka, mle chakula, kisha hayo mawili ya juu yawe ya mchana. Wengi huanza juu, wakakata tamaa, na wakalikosa lile kubwa kwa karibu.

Siku ya pili ni ya kahawa. Hii ni nchi ya arabika, na wakulima watakukaribisha uani. Unatwanga mwenyewe kwenye kinu, unapepeta, unakaanga juu ya moto wa kuni hadi moshi ubadilike harufu, unatwanga tena, unakunywa. Inachukua asubuhi nzima na kikombe chenyewe kinaisha kwa dakika mbili. Nimekunywa kahawa ghali hotelini Nairobi isiyofika kifundoni mwa ile. Nunua kwa mkulima huyo huyo.

Wenyeji ni Wasabiny, na Kikupsabiny ni cha jamii ya Kikalenjin. Rafiki yangu mmoja wa Molo alisalimia kwa lugha yake ya nyumbani na akaletewa kigoda kabla hatujalipa chochote. Alipotaja riadha tu, tukapoteza saa nzima. Ndiyo milima iliyomtoa Stephen Kiprotich, aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, mwenye rekodi ya dunia ya mita 10,000 tangu 2020 na dhahabu ya mbio hizo Paris mwaka 2024. Mkenya hapo asikilize zaidi ya anavyosema.

Epuka miezi ya mvua nyingi, hasa Aprili na Mei. Maji yanapendeza wakati huo, lakini vijia vinakuwa sabuni. Desemba hadi Februari ndipo ninapopapenda.

Hatua ya tano: Tirinyi

Rudi Mbale na ushike barabara ya Tirinyi kwenda Iganga. Haina jambo kubwa, na ndiyo sababu naipenda: mpunga, mafunjo, ng'ombe, baiskeli zilizobeba mananasi. Daraja la Mto Mpologoma linavuka kinamasi kipana. Mpologoma maana yake simba, ingawa utakachokiona ni ndege. Ukifika barabara kuu karibu na Iganga, amka. Hapo kuna malori ya mpakani na matrela ya miwa, na baadhi ya matrela hayana taa. Uwe Jinja kabla ya magharibi. Hili silijadili.

Hatua ya sita: Jinja, mlangoni

Kaa siku mbili. Mji una mitaa mipana na majengo ya zamani ya Wahindi, na unazungukika kwa miguu.

Chanzo cha Naili kiende saa moja au mbili asubuhi, kabla ya mabasi ya shule. Kuna kiingilio langoni, na mashua ni bei tofauti, kwa hiyo patana kwanza. Mwongozaji atakuonyesha maji yanavyofura katikati. Mzungu Speke alifika hapa mwaka 1862 na kuyapa maporomoko aliyoyaona jina la Ripon. Hutayaona. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa linaitwa Nalubaale, liliyazamisha. Bustanini kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapa mwaka 1948.

Waongozaji hupenda kusema kwamba tone la maji linaloondoka hapo huchukua miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Sijui nani alilifuata. Ila nilipowaambia wanangu kwamba maji hayo huenda yalipita Dunga, yule mdogo wao alichungulia ukingoni muda mrefu, kisha akauliza kama yamebeba ile ndala aliyoipoteza likizo iliyopita. Nam Lolwe kwa Waluo, Nalubaale kwa Waganda, Victoria kwenye ramani: ziwa ni moja na hapa ndipo linapoaga.

Daraja jipya la nyaya, la mita 525, lilifunguliwa mwaka 2018. Linavutia kweli, hasa taa zikiwaka, lakini usisimame juu yake kupiga picha. Kuna ulinzi, na hawatanii. Litazame ukiwa ndani ya mashua.

Kwa chakula, rolex ya kando ya barabara inatosha: mayai yaliyokaangwa na nyanya na kabichi, yakaviringwa ndani ya chapati. Wanaotaka kutupwa mtoni kwa mtumbwi wa mpira watapata wa kuwatupa. Mimi hubeba viatu vyao.

Mwenye siku tano au sita tu ageuzie hapa. Hajakosa kiini cha safari.

Hatua ya saba: Mabira, mzunguko wa Kampala, Kayabwe, Nabugabo

Hii ndiyo siku ya kwanza inayovunja kanuni yangu. Ondoka Jinja alfajiri. Kilomita kama 80 hadi Kampala zinapita ndani ya msitu wa Mabira, na hapo Najjembe ndipo pa kufungulia kinywa: kuku wa kijitini na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Wauzaji wanakimbilia gari kabla halijasimama. Egesha pembeni kwanza, funga vioo nusu, chagua wa moto. Kituo cha pili, kwa asiyetaka umati, ni maporomoko ya Ssezibwa, kando kidogo ya barabara hiyo. Si marefu. Ni mahali patakatifu pa Waganda, mto unasemekana ulizaliwa na mwanamke, na utakuta watu wanaomba. Zungumza kwa sauti ya chini na uulize kabla ya kupiga picha.

Kampala si ya safari hii. Shika barabara ya mzunguko wa kaskazini hadi Busega, kisha Masaka. Mpambire, baada ya Mpigi, mafundi wanatengeneza ngoma kando ya barabara, na utasikia wakizijaribu.

Kisha Kayabwe, na mstari wa ikweta tena, safari hii ukirudi kusini. Toa picha ya Maseno muilinganishe. Kuna vijana wenye makarai wanaoonyesha maji yakizunguka huku upande wa kusini na kule upande wa kaskazini, hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Walipe, ni mchezo mzuri. Lakini mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamua maji ya karai yaelekee wapi, anayeamua ni mkono unaoyamwaga. Mtazame mkono.

Lala Nabugabo, karibu na Masaka. Ni ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga, na samaki waliofungiwa humo wamekuwa wa aina zao wenyewe. Kuna vivuli, nyani wadogo wanaoiba mkate, na hakuna jambo la kufanya. Kaeni siku nzima bila kuwasha gari. Watu watakwambia uendelee hadi Ziwa Bunyonyi, na ni kweli Bunyonyi ni pazuri mno, visiwa 29 na milima ya matuta. Lakini ni mbali. Iwekee likizo yake.

Hatua ya nane: kurudi kwa Musita

Siku ya kurudi Jinja ni ya pili inayovunja kanuni. Kesho yake, badala ya kupigania barabara na malori hadi Busia, pinda kulia Musita, kabla ya Iganga. Lami inapita Mayuge, Namayingo hadi Lumino. Ni njia tulivu, vilima na migomba. Kutoka Lumino unaweza kuteremka Majanji, ufuoni mwa ziwa, ukale samaki ukiitazama Kenya ng'ambo ya maji, kabla ya kupanda Busia.

Mpakani usipige muhuri wako tu ukakimbia. Hakikisha forodha imefunga ile karatasi ya gari na kuingiza kwamba limetoka, na ubaki na nakala. Jirani yangu alisahau. Alipojaribu kuvuka mwaka uliofuata, mtambo ulimwambia gari lake bado liko Uganda, na yeye amelikalia.